Namna ya kusimulia kisa cha kweli ili watu wakubali kuchangia seli shina

Watu wakisikia kisa cha mtoto mwenye saratani ya damu, wengi huguswa na kujisajili palepale kuwa wachangiaji wa seli shina. Simu ya kuwaita inaweza kuja mwaka ujao au baada ya miaka kumi, na wengine haiji kabisa. Ikija, machozi yamekwisha kukauka zamani: mtu ameoa, ana kazi mpya, ana mama mkwe anayeogopa hospitali. Hapo ndipo baadhi yao hujitoa, na mgonjwa aliyekwisha kupewa tumaini huanza kutafutiwa mtu upya.

Mimi najitolea kusajili wachangiaji miongoni mwa Waswahili wa Uingereza, misikitini, makanisani na kwenye mikutano ya wanafunzi. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuifanya kazi hii kwa kutumia visa vya watu halisi, chake mwenyewe au cha jirani. Nitaeleza jinsi ya kukisuka kisa ukiilenga ile siku ya simu, kwa sababu kujisajili kwenyewe ni jambo la dakika chache.

Hatua ya 1: Yajue mambo yenyewe kabla ya kufungua kinywa

Ukikosea jambo moja mbele ya ukumbi, mwuguzi aliyekaa mstari wa nyuma atakusahihisha, na kisa chako chote kitatiliwa shaka. Haya ndiyo ya lazima.

Seli shina za damu hukaa kwenye uboho, ambao Tanzania wengi huuita uloto. Ndizo zinazozaa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani. Mtu mwenye saratani ya damu, selimundu au ugonjwa mwingine wa damu anaweza kupandikizwa seli za mtu mwenye afya zikaanza kumtengenezea damu mpya. Kinacholinganishwa baina ya wawili hao ni alama za HLA, yaani alama zilizo juu ya seli ambazo kinga ya mwili huzitumia kutambua kilicho chake na kilicho kigeni, wala si kundi la damu. Baada ya kupandikizwa, kundi la damu la mgonjwa huweza hata kubadilika likawa la aliyemchangia. Litaje hili ukumbini, watu hukaa wima wakalisikiliza.

Alama za HLA hurithiwa nusu kwa baba, nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana nawe kikamilifu. Asipopatikana ndugu, hutafutwa mtu baki katika daftari za wachangiaji za dunia, zenye watu zaidi ya milioni 40. Wengi wao ni wenye asili ya Ulaya. Shirika la NMDP, linaloendesha daftari la wachangiaji la Marekani, hukadiria kwamba mgonjwa mzungu ana nafasi ya asilimia 79 ya kumpata anayelingana naye, na mgonjwa mweusi asilimia 29.

Kwa watu wa pwani yetu hesabu huwa ngumu zaidi. Chukua kijana wa Lamu au Unguja ambaye nyanya yake ni Mngazija wa Komoro, babu yake Mshihiri wa Yemen, na upande wa mama ni Wadigo. Mchanganyiko wa alama zake ni nadra kuukuta kwa mtu asiye na nasaba inayofanana na hiyo. Kwa hiyo mtu anayeweza kumfaa huenda yuko kwenye harusi ileile anayohudhuria, na huenda hajajisajili. Mimi hulisema hili kila mahali, kwa kuwa ndilo jambo moja ambalo Mswahili akilisikia huona limemhusu yeye binafsi.

Juu ya utoaji wenyewe: takriban tisa kati ya kumi huchangia kupitia mishipa ya mikono. Huchomwa sindano chini ya ngozi kwa siku nne hivi ili seli shina zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu, kisha hukaa kwenye mashine masaa manne hadi matano, na mara nyingine hurudi siku ya pili. Waliobaki hutolewa uboho kwenye mfupa wa nyonga, upande wa nyuma, wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi. Katika njia zote mbili hakuna sindano inayoingia kwenye uti wa mgongo. Hofu hiyo utaikuta kila unakokwenda, basi ijibu kabla hujaulizwa.

Hatua ya 2: Chagua msimulizi

Wengi hukimbilia kisa cha mgonjwa. Kina nguvu, na historia ya daftari hizi imejengwa juu yake. Shirley Nolan alianzisha daftari la kwanza la wachangiaji duniani mwaka 1974, hapa Uingereza, kwa ajili ya mwanawe Anthony aliyezaliwa na ugonjwa nadra wa kinga ya mwili. Mtoto huyo alifariki mwaka 1979 bila kupata wa kumchangia, ila daftari lenye jina lake, Anthony Nolan, lipo hadi leo. Beverley De-Gale na Orin Lewis walianzisha shirika la ACLT mwaka 1996 walipokuwa wakimtafutia mtu kijana wao Daniel, aliyekuwa na saratani ya damu. Waliwaendea watu weusi wa Uingereza walikokuwa, wakawaeleza habari za mtoto wao. Mwaka 1999 Daniel akawa mtu mweusi wa kwanza Uingereza kupandikizwa uboho wa mtu baki, na mchangiaji wake alipatikana Marekani. Alifariki mwaka 2008, na wazazi wake wakaendelea na kazi ileile kwa ajili ya watoto wa wenzao.

Tazama kwamba mchangiaji wa Daniel alitoka ng'ambo. Aliyejisajili London kwa sababu ya Daniel hakumfaa Daniel, lakini huenda amemfaa mwingine. Msikilizaji wako anahitaji kuelewa hivyo tangu mwanzo. Ukimwambia "jisajili umwokoe fulani," basi siku fulani atakapopona au kufariki, ahadi yake imekwisha.

Kwa hiyo ukimpata mtu aliyewahi kuchangia, mpe yeye nafasi kubwa. Mgonjwa huwaonyesha watu kwa nini jambo hili linahitajika. Mchangiaji huwaondolea woga, na woga ndio unaowafanya watu wasipokee simu. Nikiwa na dakika tano ukumbini, mgonjwa humpa moja na nne ni za mchangiaji.

Msomaji uliye Tanzania, hali yako ni tofauti kidogo. Muhimbili ilianza upandikizaji wa uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imewapandikiza watoto wenye selimundu seli walizochangiwa na ndugu zao wa tumbo moja. Huko kisa chako utakisimulia sebuleni, mbele ya wazazi, shangazi na wajomba, na mchangiaji anaweza kuwa dada wa miaka kumi. Msimulizi bora hapo ni familia iliyokwisha kupitia njia hiyo. Na mtoto anayechangia naye aelezwe kwa lugha anayoielewa, aachiwe aulize yote yanayomtisha.

Hatua ya 3: Omba ridhaa, tena uiombe vizuri

Hapa usiwe na haraka. Kwetu maradhi hufichwa, na mara nyingi kuna sababu. Binti mwenye selimundu akitangazwa, kuna watakaomwuliza mamake habari za uzazi na posa. Mgonjwa wa saratani anaweza kunyimwa kibarua. Picha ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp hairudi.

Keti na mhusika peke yake kwanza, bila baba wala mchungaji. Mwulize nani ajue na nani asijue. Mwulize kama jina litumike, au mji, au hospitali. Mweleze wapi kisa kitasimuliwa na kwa muda gani, na kwamba anaweza kukiondoa wakati wowote bila kutoa sababu. Kama ni mtoto, mzazi akubali na mtoto mwenyewe akubali. Mtoto akitikisa kichwa, yamekwisha. Andika mliyokubaliana, kila mmoja abaki na nakala.

Kwa mchangiaji kuna sharti la ziada. Uingereza, mchangiaji na mgonjwa hawajuani kwa angalau miaka miwili ya kwanza. Huweza kuandikiana barua zisizo na majina tu. Basi asitaje tarehe aliyochangia wala jambo lolote litakalomfanya mgonjwa au ndugu zake wamtambue.

Hatua ya 4: Mhoji kwa mambo madogo

Usimwulize "ulijisikiaje?" Atakujibu "nilijisikia vizuri kusaidia," na hapo hujapata kitu. Mwulize alikuwa wapi simu ilipolia. Alimwambia nani kwanza, na mtu huyo alisema nini, kwa maneno yake? Nani alimpinga nyumbani? Alivaa nini siku ya mashine, alikula nini? Maumivu yalikuwa wapi, na yaliisha siku gani?

Jibu la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Zile sindano huleta maumivu ya mifupa na misuli, kichwa kuuma, uchovu kama wa mafua. Usiyafiche. Mtu aliyeambiwa kwamba haiumi hata kidogo, akianza kuumwa kiuno siku ya pili, atadhani kuna jambo limeharibika. Aliyeambiwa mapema atameza dawa ya maumivu na kusubiri.

Hatua ya 5: Andika, halafu soma kwa sauti

Hivi ndivyo tangazo la kawaida linavyoandikwa:

"Huyu ni kijana mzuri anayependa mpira. Anapigania maisha yake. Muda unakwisha. Tafadhali jisajili leo umwokoe."

Linatia huruma, lakini halimwambii mtu atafanywa nini. Na hivi ndivyo mimi ningependa liwe. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya mwongozo, ingawa kila kilichomo ndicho kinachowatokea wachangiaji:

"Simu ilinikuta kwenye basi natoka kazini. Dada mmoja akaniambia huenda nalingana na mgonjwa. Nilikuwa nimesahau kama niliwahi kujisajili. Nilimpigia mama Tanga, akasema, 'Mwanangu, wasije wakakutia ulemavu. Utachomwa uti wa mgongo wewe.' Nikamwambia, 'Shikamoo mama, hebu nisikilize kwanza.' Nikamweleza kuwa ni mkononi. Hakuridhika siku hiyo. Aliridhika nilipompa simu daktari akazungumza naye. Sindano nilichomwa siku nne. Siku ya tatu kiuno kiliniuma kama niliyepakua magunia ya mahindi usiku kucha. Siku ya tano nikalazwa kwenye kiti, sindano mkono wa kulia na wa kushoto, mkono mmoja haukunjiki, mwuguzi akawa ananinywesha chai kwa mrija. Midomo ikaanza kunichonyota, nikamwambia, akanipa kalsiamu, ikatulia. Mfuko wa seli zangu ulikuwa mdogo, rangi nyekundu iliyofifia. Jioni nilirudi nyumbani kwa treni. Kiuno kiliacha kuuma baada ya siku mbili. Aliyepewa simjui. Ukipigiwa simu, pokea, na mpigie mamako mapema."

Kuchonyota kwa midomo hutokana na dawa inayozuia damu isigande mashineni, ambayo hupunguza kalsiamu kwa muda. Nimeliacha kwa makusudi: mtu akilisikia leo, siku likimtokea hatashtuka. Na mama wa Tanga nimempa nafasi kwa sababu wachangiaji wengi wa kwetu huzuiwa na walio nyumbani kabla hawajafika hospitali. Kisa chako kimjibu mama pia.

Dakika tatu zinatosha. Ukisoma kwa sauti ukakwama, kata.

Hatua ya 6: Simulia mahali ambapo vijiti viko tayari

Panga mapema na daftari linalohudumia eneo lako. Daftari la Anthony Nolan husajili wenye miaka 16 hadi 30, na lile la shirika la DKMS la Uingereza 17 hadi 55. Fomu ya maswali ya afya huja kwanza, kisha vijiti vya pamba vya kupaka ndani ya shavu. Msimulizi akimaliza, vijiti viwe mezani. Mtu akirudi nyumbani kufikiria, kazi na watoto vitamshika.

Sheikh au mchungaji mwombe aseme yeye mwenyewe neno la dini. Misikitini wengi husoma aya ya 32 ya Surat al-Maida kuhusu kuokoa uhai wa mtu mmoja. Wewe kaa kwenye kisa.

Maswali ya pesa yatakuja. Mchangiaji halipwi, ila nauli, malazi na chakula hugharimiwa. Akiulizwa mchangiaji mwenyewe "ungerudia?", usimjibie. Na mtu akisema hawezi, mshukuru, usimsukume. Anayesitasita leo ni heri asijisajili kuliko kujitoa wakati mgonjwa amekwisha kuanza dawa kali za kuua uboho wake wa zamani, maana kuanzia hapo hawezi kuishi bila seli mpya.

Hatua ya 7: Wafuatilie

Watu wetu huhama nyumba na kubadili laini za simu kila mara. Anayelingana na mgonjwa asipopatikana kwa simu, ni sawa na asiyekuwepo. Kwa ridhaa yao, weka orodha ya waliojisajili kwako, na kila mwaka watumie ujumbe mfupi. Wangu huwa hivi:

"Ndugu yangu, habari za siku. Uko kwenye daftari la wachangiaji wa seli shina. Kama umehama au umebadili namba, waarifu leo. Kama hali ya afya yako imebadilika, waambie pia. Na kama hujamweleza mkeo, mumeo au mama, mweleze wiki hii; akitaka kuongea na mtu aliyekwisha kuchangia, niambie nimuunganishe."

Mgonjwa akifariki, rudi kwa familia, uwape pole kwanza. Wiki kadhaa baadaye ndipo uulize kama wanataka kisa kiendelee kusimuliwa. Wakisema hapana, kitoe kila mahali ulipokiweka, na uwaarifu kwamba umekitoa.