SOMO: Landrover 109 inadondosha oili katikati, pima hivi kabla hujaruhusu giaboksi itolewe

Wakuu habari za wikendi. Hili nawaandikia wenye Landrover Series III, zile zilizotoka 1971 mpaka 1985 (109 ni ile ndefu), maana kila nikikaa gereji namkuta mtu anaambiwa "giaboksi inavuja, tunaitoa" na yeye anakubali palepale. Mnajua giaboksi ya hizi gari inatolewa kwa juu, kupitia ndani ya kabini, unang'oa viti, unang'oa boksi la viti na mabati ya sakafu, bolti zina kutu nusu yake zinakatika. Yangu ilitolewa hivyo, sili ya mbele (ule mpira unaozuia oili isipite kwenye shafti) ikabadilishwa, nikalipa, wiki ya pili oili iko chini vilevile. Kumbe breza, kile kitundu cha kupumulia cha giaboksi, ilikuwa imeziba udongo tu. Iliniuma sana.

Hatua ya 1: jua ni oili ya nini
Paki sehemu tambarare, tandika boksi la karatasi kuanzia usawa wa injini mpaka nyuma ya transfa (lile boksi la pili la gia lililoungana na giaboksi kwa nyuma), chora mshale kuonyesha mbele ni wapi, lala. Asubuhi gusa kila tone na unuse. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na nyepesi. EP90, yaani oili ya gia ya giaboksi, ni nzito, inanata kwenye vidole na ina harufu kali ya kiberiti, ukishaijua huisahau. Kama ni nyepesi kabisa na haina weusi, weka tone kwenye kikombe cha maji, ikichanganyika na maji hiyo ni breki fluidi, kaangalie silinda ya chini ya klachi pembeni ya giaboksi, oili yenyewe ingeelea juu.

Hatua ya 2: pima levo, zote mbili
Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo kuna majibu. Giaboksi inabeba kama lita 1.5 na transfa kama lita 2.5, kila moja ina oili yake na plagi yake ya levo. Gari ikiwa imepoa na iko tambarare fungua plagi ya giaboksi, oili iwe usawa wa tundu, ingiza kidole kama huioni. Alafu fungua ya transfa. Sasa ukikuta giaboksi imepungua na transfa inamwaga nyingi kupitia tundu la levo, ina maana sili iliyo kati yao, kule nyuma ya shafti kuu, imekufa, oili inahama kutoka chumba kimoja kwenda kingine, transfa inajaa kupita kiasi inaanza kutema kwa nyuma. Mtu atabadilisha sili ya nyuma mara tatu na haitapona, kwasababu ugonjwa hauko pale. Andika levo ulizokuta kabla hujaongeza hata tone.

Hatua ya 3: breza
Nyanyua bati la sakafu utafute breza juu. Ikiziba, giaboksi ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili ambazo ni nzima kabisa. Itoe, ioshe na petroli, ipulize mpaka hewa ipite. Haina gharama yoyote jamani.

Hatua ya 4: osha, piga poda, endesha
Osha chini kote na mafuta ya taa na brashi, acha ikauke kabisa, alafu nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote. Endesha kilomita 15 au 20, ingia chini na tochi (gari isimame kwenye stendi, usilale chini ya jeki peke yake hata dakika moja). Poda italoa pale oili inapotokea. Kumbuka upepo unasukuma oili nyuma na uzito unaivuta chini, kwaiyo tafuta sehemu iliyoloa ya juu kabisa na ya mbele kabisa, pale panapodondoka siyo chanzo.

Hatua ya 5: soma ulichokiona
Tundu la chini ya hauzingi ya flaiwili (kasha lililo kati ya injini na giaboksi), lile lenye plagi inayofungwa ukivuka mto maji yasiingie: kama panatoka nyeusi isiyo na harufu ni sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), kama inanuka kiberiti ni sili ya mbele ya giaboksi, rangi isikudanganye hapo maana vumbi la klachi linaichafua. Hii ndo pekee inayohitaji giaboksi isogee. Na ile plagi usiiache imefungwa siku zote, oili itajikusanya ndani mpaka ifike kwenye klachi.

Dramu ya handbreki imeloa na handbreki haishiki: sili ya nyuma ya transfa. Toa propela (shafti inayokwenda ekseli ya nyuma), dramu na flanji (kile kipande propela inapofungwa), ukague pale mdomo wa sili unapopita, ukihisi mfereji kwa kucha basi sili mpya peke yake haitasaidia, izamishe kidogo au uitoe kidogo ikae kwenye sehemu laini. Paka gundi ya gasketi kwenye meno ya flanji pia, oili hupenyeza hapo. Kama panapovuja ni sahani ya chini ya transfa, hiyo ni gasketi tu, hata asubuhi moja inaisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu fundi kaniambia niweke oili ya 140, ile nzito zaidi, badala ya 90, itaacha kuvuja?
Jibu: Itapunguza kasi tu kaka, na asubuhi za baridi gia zitakuwa ngumu kuingia. Weka EP90 ya GL-4 (daraja la oili ya gia, limeandikwa kwenye kopo), uliza vizuri dukani maana baadhi ya GL-5 siyo rafiki wa vipande vya shaba vya ndani ya giaboksi.

Swali: Na sisi wa Beetle je? Yangu inaloa pembeni, karibu na tairi za nyuma kwa ndani.
Jibu: Kama ni za zamani zenye ekseli za kubembea angalia ile mipira inayofunika mwanzo wa ekseli, ikipasuka oili ya giaboksi inatokea hapo. Kuna mipira ya vipande viwili inayofungwa na skrubu bila kutoa ekseli.

Swali: Shikamoo mzee wangu. Hii 109 ni ya marehemu baba, imesimama miaka sita, nimeiwasha juzi inavuja kila mahali, nianzie wapi?
Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usinunue sili bado. Mwaga oili ya giaboksi na ya transfa uzione, zikiwa kama chai ya maziwa maji yameingia. Weka mpya, safisha breza, tembea taratibu wiki mbili tatu huku unapima levo kila siku, sili zilizokauka nyingine hurudi zikipata oili. Zitakazobaki zinavuja ndo uanze nazo hatua ya 4. Ukikwama tuma picha ya chini, nitaiangalia.