Jinsi ya kufukua asili ya neno: tuchukue "telegraphist"

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa tafsiri neno hili la Kiingereza, yaani mtu anayeendesha telegrafu, mtambo wa kupeleka habari mbali, limetoka wapi, hunijibu haraka: Kigiriki. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki huipati bila kuchimba.

1. Likate. Tele ni mbali, graph ni kuandika, -ist ni mwenye kazi, kama m- ya "mwandishi". Wamarekani husema telegrapher; kazi ni ileile, tusonge.

2. Muulize nani aliliunda. Wagiriki wa kale walipashana habari kwa mioto ya milimani, ila neno hili hawakulijua. Ni la Ufaransa, miaka ya 1790. Mvumbuzi Claude Chappe alitaka kuuita mtambo wake tachygraphe, yaani mwandika upesi. Ofisa mmoja, Miot, akamwambia jina hilo halifai, akampa télégraphe. Waingereza wakalidaka mwaka 1794, mwaka uleule mitambo ya Paris hadi Lille ilipoanza kazi.

3. Kitazame kitu chenyewe. Hapa usiwe na haraka. Ni mnara kilimani, juu yake boriti yenye mkono kila ncha. Ndani yumo mtu, jicho kwenye darubini: anaona mikono ya mnara wa jirani imekaaje, anaivuta yake ikae vivyo hivyo, kisha anageukia upande wa pili kuhakikisha mwenzake ameiona. Waya hakuna, umeme hakuna. Na huyo "mwandishi wa mbali" hakujua anachokiandika! Kitabu cha maana za ishara walikuwa nacho wakubwa wa vituo vikuu tu.

4. Toka nje ya kamusi. Majina ya mahali huhifadhi maana zilizokufa. Telegraph Hill ya San Francisco iliitwa hivyo kwa mtambo wa mikono uliotangaza meli zinazoingia, kabla waya haujafika mjini.

5. Rudi nyumbani ulinganishe. Sisi hatukuiona ile minara. Kebo ya baharini ya telegrafu ya umeme ilifika Unguja mwaka 1879, na jina tulilolishika ni simu, kutoka sim ya Kiajemi, yaani waya. Mfaransa alitaja kuandika, sisi tukataja uzi wenyewe. Ndiyo maana redio ya mawasiliano ilipokuja, wazee waliiita simu ya upepo: ukiipasua neno kwa neno, waya wa upepo.