Pepa imerudi na maoni kurasa nne, sasa unajibuje?

Wakuu, tuanze na hili. Ukifungua imeili ukakuta mhariri wa jarida anasema pepa yako (makala ya utafiti uliyomtumia) inahitaji marekebisho makubwa, hiyo ni habari njema, na nasema hivi kwa sababu watu wengi hasa walioko PhD wanaipokea kama msiba, wanafunga laptop, wanazunguka na hasira mpaka dedlaini inapita. Mhariri asingekuwa na haja na wewe angekukataa tu yaishe. Kwenye majarida yanayoeleweka ni nadra sana pepa kupokelewa hivyohivyo raundi ya kwanza, hata maprofesa wenu wanarudishiwa kila siku ila hawawasimulii.

Halafu shika hili moja, mengine yote yanatoka hapo: anayeamua ni mhariri. Wahakiki, yaani wasomi wa fani yako wanaopewa pepa waipime, wanashauri tu, tena wengi wanafanya bure, usiku, wakiwa wameshachoka kusahihisha mitihani. Na mhariri mara nyingi mada yako haijui kwa undani kama wewe, kwa hiyo barua ya majibu unamwandikia yeye, unamrahisishia aseme ndiyo. Mtu anayeandika kwa kumkomoa mhakiki anasahau nani anasoma.

Ila kabla ya kufika huko kuna pepa nyingi zinakufa mlangoni, yaani mhariri anazikataa mwenyewe bila kumtumia mhakiki yeyote, na sababu kubwa sio kwamba utafiti ni mbovu, ni kwamba umegonga nyumba siyo. Njia ya haraka ya kujua: angalia orodha yako ya marejeo, kama hakuna hata makala moja kutoka jarida hilo au majarida jirani yake, basi jiulize wasomaji wake watakuwa na hamu gani na pepa yako. Sababu nyingine ni za kizembe kabisa, idadi ya maneno imezidi, ikisiri haina matokeo, hakuna namba ya kibali cha maadili wakati umehoji watu, au umesahau kufuta jina lako wakati jarida linataka mhakiki asikujue mwandishi ni nani. Hilo la mwisho lina mtego, jina unafuta ukurasa wa kwanza halafu linabaki kwenye taarifa za faili la Word na kwenye sentensi ya "kama tulivyoonyesha kwenye utafiti wetu wa 2019".

Majarida ya kitapeli nayo yapo kibao. Jeffrey Beall, yule mkutubi wa University of Colorado Denver aliyeyapa umaarufu mbaya, orodha yake ya majarida hayo iliondolewa mtandaoni Januari 2017, lakini yenyewe hayakwenda popote. Jarida likikuahidi majibu ya wahakiki ndani ya siku tatu, au likikuandikia "Dear Eminent Professor" na wewe ndo kwanza una masters, kimbia. Angalia kama lipo DOAJ (orodha ya mtandaoni ya majarida ya kusoma bure), au AJOL (African Journals Online) kwa majarida ya Afrika, ingawa kuwepo huko peke yake sio cheti, bado fungua makala mbili tatu usome uone zina akili. Na ada ya kuchapisha isikutishe mapema. Majarida mengi ya wazi, yale ambayo msomaji halipi, ya wachapishaji wakubwa yanatoza dola 2,000 na kuendelea, ila mengi yanasamehe yote au nusu kwa waandishi wa nchi zetu kulingana na makundi kama ya Research4Life (mpango unaozipa nchi za kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu), sharti uombe WAKATI unatuma pepa, sio baada ya kukubaliwa ndo uanze kulia shida. Yale yanayochanganya makala za bure na za kulipia mara nyingi msamaha huo hayana, kwa hiyo soma vizuri.

Umeshatuma, subiri. Mwezi, miezi mitatu, saa ingine sita, inategemea fani na inategemea wahakiki wangapi walikataa mwaliko kabla hujapata wawili. Ikipita miezi mitatu au minne kimya, andika imeili fupi ya heshima kuulizia, hakuna atakayekasirika. Usichofanya ni kutuma pepa hiyohiyo jarida la pili kimyakimya ili litakalowahi lichukue. Fani zetu ni ndogo, pepa inaweza kuangukia kwa mhakiki yuleyule kutoka majarida mawili wiki moja, na hapo umechafua jina.

Haya, sasa maoni yamekuja. Soma mara moja, funga, nenda kalale. Mwaka 1936 Einstein na Nathan Rosen walituma pepa Physical Review kuhusu mawimbi ya mvutano, mhariri John Tate akawarudishia na maoni ya mhakiki, Einstein akawaka kwamba hakuruhusu mtu yeyote kuonyeshwa kazi yake kabla haijachapwa, akaiondoa. Kumbe mhakiki alikuwa sahihi, hoja ya msingi ya ile pepa ilikuwa na kosa, na ilipokuja kuchapwa na jarida lingine 1937 hitimisho lilikuwa limeshabadilishwa. Huyo ni Einstein, mimi na wewe je.

Kesho yake fungua faili jipya. Nakili kila neno la wahakiki humo, usifupishe, kisha likate vipandevipande na kuvipa namba, maana mhakiki anaweza kuandika aya moja yenye malalamiko matatu ndani, ukijibu mawili tu ataona umekwepa. Maoni rangi moja, majibu rangi nyingine. Chini ya kila kimoja sema umefanya nini na wapi, ukurasa na mstari. Namba za mistari zichukue kwenye nakala safi ya mwisho, kwa sababu nakala yenye alama za mabadiliko mistari inahama, na hakuna kinachomuudhi mhakiki kama kwenda mstari wa 212 akakuta habari nyingine kabisa.

Tuchukue mfano. Pepa yako inahusu mama ntilie wa soko la Mwanjelwa pale Mbeya, umehoji 38, mhakiki kaandika: "Sampuli ni ndogo mno, haiwezi kusemea wafanyabiashara wadogo wa Tanzania." Kuna watakaojibu "Tumelizingatia," basi. Umelizingatia wapi? Wengine watajibu "Mhakiki hajaelewa kwamba huu ni utafiti wa maelezo, sio wa takwimu," ambalo linaweza kuwa kweli kabisa na bado likakuumiza, maana kama mtu wa fani yako aliyekaa na pepa masaa mawili hajaelewa, huyo mwingine atakayeipitia juujuu ataelewa vipi? Jibu linalopita linakaa hivi:

"Tunamshukuru mhakiki kwa hoja hii. Ni kweli mahojiano 38 hayawezi kusemea nchi nzima, na hilo halikuwa lengo letu, ila tumeona maneno yetu yaliruhusu kueleweka hivyo. Tumebadilisha kichwa kutoka 'nchini Tanzania' kuwa 'katika soko la Mwanjelwa, Mbeya'. Tumeeleza kwa nini tuliishia 38, kwamba kuanzia mahojiano ya 33 hakukuwa na jambo jipya lililojitokeza (uk. 7, mstari 151 hadi 160). Tumeongeza aya kuhusu mipaka ya utafiti (uk. 19, mstari 402 hadi 411)."

Angalia hapo hujarudi Mbeya kuhoji watu wengine. Umekubali kilicho kweli, umebana madai yako yalingane na data, na umemwonyesha mhariri kwa kidole. Maoni mengi yanayoonekana yanataka utafiti mpya yanamalizwa kwa kupunguza ukubwa wa maneno.

Kukataa pia kunaruhusiwa, na mimi ningesema pepa ambayo mwandishi kakubali KILA kitu huwa inatoka imevurugika, kila mtu kachomeka chake. Ila ukikataa toa sababu yenye ushahidi, sio "sisi tunaona ipo sawa", na ikiwezekana mpe mhakiki kitu kidogo hata sentensi moja ya ufafanuzi kwenye pepa. Kataa machache, yale yenye uzito. Kugombana kuhusu koma ni kupoteza mtaji.

Wahakiki wawili wakipingana, mmoja anasema ongeza nadharia mwingine anasema nadharia imezidi, usijaribu kuwaridhisha wote nusunusu. Chagua, halafu mweleze mhariri waziwazi kwamba namba 1 na namba 2 wanatofautiana hapa, tumefuata huyu kwa sababu hii. Kama ni jambo zito mwandikie kabla hujaanza kurekebisha. Na ukikutana na yule anayetaka unukuu makala sita na zote ni za mtu mmoja, ambaye unahisi ni yeye mwenyewe, nukuu zinazohusika kweli tu na umdokeze mhariri kwa upole, hiyo tabia inajulikana na haikubaliki.

Kuna lile la "Kiingereza kisahihishwe na mzawa wa lugha". Linaudhi, naona linatupiwa waandishi wa huku hata pepa ikiwa imenyooka, ila usilijibu kwa hasira. Mpe mwenzako asiyekuwa kwenye utafiti aisome kwa sauti, kata sentensi ndefu, kisha andika kwenye barua kwamba lugha imepitiwa upya yote. Ukitumia AI kunyoosha lugha angalia sera ya jarida, mengi sasa yanataka useme, na hakuna linaloeleweka litakalokubali AI iandikwe kama mwandishi.

Ikikataliwa kabisa, rufaa fungua pale tu ambapo mhakiki kakosea jambo la msingi na unaweza kulionyesha. Vinginevyo chukua maoni, rekebisha KWANZA, ndo upeleke kwingine. Ile makala ya mchumi George Akerlof kuhusu soko la magari mabovu ilikataliwa na majarida matatu kabla haijatoka 1970 kwenye Quarterly Journal of Economics, na 2001 akapata Nobel kwa kazi hiyo.

Ikikubaliwa utaletewa nakala ya mwisho ya kusahihisha, mara nyingi wanakupa masaa 48 tu, kwa hiyo usisafiri kwenda kijijini kusiko na mtandao wiki hiyo. Kagua majedwali, namba, jina la chuo, jina la mfadhili. Jina lako likague mara mbili, sisi wa majina matatu mfumo unachukua la mwisho kama la ukoo, na ukiandika Asha J. Mwakalinga pepa hii na Mwakalinga Asha ile nyingine, siku ya kuomba kupanda cheo utaonekana watu wawili. Chagua mtindo mmoja, fungua ORCID (namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti), ni bure, na namba yake iweke kila unapotuma.