Tairi la bei nafuu: litazame katikati

Wenzangu wa safari ndefu, tairi la nyuma la pikipiki la bei nafuu msilipime kwa mifereji ya pembeni. Dar hadi Iringa sehemu kubwa ni lami iliyonyooka, na mzigo wote wa masanduku unakalia katikati. Hapo ndipo linapolika hadi kuwa bapa, pembeni bado jipya kabisa. Utalijua Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya Iringa: ukilaza pikipiki kwenye kona linagoma kidogo, kisha linadondokea ukingoni ghafla. Mvua ikiwepo, inatisha.

Upepo pima asubuhi, tairi likiwa la baridi. Na dukani soma tarakimu 4 za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2321 ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2021. Wakati mwingine bei imeshuka kwa sababu mpira umezeekea stoo.