Mzee wako akiwa kwa nyumba ya wazee Mombasa, mambo ya kupanga kabla janga jengine halijaja

Hii nawaandikia nyinyi mlio na mama, baba, nyanya, ami ama shangazi anaeishi kwa nyumba ya wazee hapa Mombasa, iwe Nyali, Tudor, Kisauni ama kokote, na nyinyi mlomuajiri dada wa kumtunza mzee nyumbani someni pia manake mengi ni yale yale. Wale wa kusema kumpeleka mzee kwa hom ni kumtupa leo tuwaache kwanza, kuna mtu mamake alipigwa na stroke, yeye yuko bandarini shifti za usiku, watoto wako shule, hakuna wa kumgeuza kitandani, sasa afanye nini? Kumtupa ni kumpeleka halafu ukakata mguu.

Janga la ugonjwa likija kitu cha kwanza hizi nyumba zinafanya ni kufunga geti. Corona ndivyo ilivyokuwa, tarehe 13 Machi 2020 serikali yetu ikatangaza mgonjwa wa kwanza Kenya, na siku hiyo hiyo Marekani ikaziambia nyumba zake za wazee zizuie wageni. Mageti yakafungwa na wazee wakafa vile vile. Marekani peke yake, mpaka mwanzo wa 2022 wazee wa hizo nyumba pamoja na wafanyakazi wao walokufa na corona walikuwa wamepita 200,000. Canada wimbi la kwanza, kati ya kila watu 10 walokufa kama 8 walikuwa ni wakazi wa nyumba za wazee. Sasa ugonjwa uliingilia wapi na geti liko na kufuli? Uliingia na watu wa kazi. Kule Kirkland, jimbo la Washington, ambako mlipuko mkubwa wa mwanzo wa Marekani kwenye nyumba ya wazee ulionekana mwisho wa Februari 2020, waliochunguza walikuta kuna wafanyakazi wanafanya nyumba mbili tofauti na kuna waliokuja kazini wakiwa wanaumwa, na siwalaumu hata kidogo, mtu mshahara wake mdogo na siku asipokuja halipwi, atakaa nyumbani watoto wale nini.

Kwa hivyo kazi yako ya kwanza, na uifanye sasa hivi wakati hakuna ugonjwa wowote, ni kuwajua wanaomshika mzee wako. Majina yao, wanaishi wapi, wanakuja na nini. Anaetoka Likoni anapanda feri asubuhi na umati wote ule, anaetoka Bombolulu anabanana kwa matatu, hawa ndio watu ambao kila siku wanatoka mjini wanaingia chumbani kwa mamako wanamuosha na kumlisha. Ukifika usimpite mlangoni kama humuoni, msalimie, muulize hali, muulize mzee amekula vipi juzi. Siku geti likifungwa huyu ndie atakuwa macho yako, na mtu uliemzoea ndie atakupigia simu saa nne usiku kukwambia leo mamako hajanipendeza.

Halafu kaa na meneja, si kwa ubishi, mwende ndugu wawili watatu mkae mzungumze, na mumuulize mambo haya. Mfanyakazi akiamka na homa akibaki nyumbani mnamlipa? Kama jibu ni hapana basi hapo ndipo pa kuanzia, na familia mnaweza kusaidia, mkiwa familia 20 kila mmoja akatoa mia mbili kwa mwezi kwa M-Pesa ikawekwa pembeni ni shilingi 4,000, inatosha kumlaza nyumbani dada mmoja siku kadhaa bila kukosa unga. Mie naona hii pesa ina kazi kuliko ndoo kumi za sanitaiza.

Muulize pia mzee akitoka hospitali anarudishwa vipi. Uingereza mwanzo wa 2020 walitoa wazee mahospitalini wakawarudisha kwenye nyumba zao bila kuwapima, na Aprili 2022 mahakama ikasema ule mpango ulikuwa kinyume cha sheria, lakini waliokufa walikuwa washakufa. Nyumba iwe na chumba kimoja kitupu, chenye dirisha, mzee anaetoka hospitali ya Jenerali pale Makadara ama anaekuja mara ya kwanza akae humo siku za mwanzo na awe na mtu wake mmoja wa kumhudumia. Na umuulize hili ambalo watu hulionea haya: wafanyakazi nusu wakiugua siku moja nani atabaki? Uhispania Machi 2020 wanajeshi walipoenda kupulizia dawa kwenye nyumba za wazee walikuta kuna wazee wameachwa peke yao na wengine washafariki vitandani. Wallahi hilo jambo likisomwa halitoki kichwani. Hakikisheni kuna orodha ya watu wa akiba, hata wana wa familia wenyewe walofunzwa kidogo kumgeuza mgonjwa, kumlisha bila kumpalia, kuvaa maski na glavu na kuzivua bila kujigusa.

Baadae ije faili. Daftari la kawaida tu, nakala moja hom, moja kwako, na picha kwa simu. Andika maradhi yake, dawa na vipimo vyake na saa za kumeza, dawa zinazomdhuru, nambari ya kitambulisho na ya bima, daktari wake, na nani apigiwe kwanza. Dawa za presha na sukari ziwepo za miezi mitatu, na sisemi mitatu kwa kubahatisha, Mombasa ilifungwa tarehe 8 Aprili 2020 ikaja kufunguliwa Julai, watu wa Nairobi na Voi walikuwa na wazazi huku na hawakuweza kuingia. Na Mei ile Mji wa Kale ukafungwa peke yake, katikati ya Ramadhani, mpaka mwanzo wa Juni. Na kafyu juu yake. Kwa hivyo msimuweke ndugu mmoja kuwa ndie wa kila kitu, awepo mmoja anaeishi kisiwani na mmoja ng'ambo ya bara, wote wawili wanajulikana na meneja na wote wanaweza kusema ndio ama la mzee akihitaji kupelekwa hospitali.

Kwenye daftari hilo kuna ukurasa mgumu. Muulize mzee mwenyewe, akili yake ikiwa nzuri, akiugua sana anataka nini, apelekwe ICU ama abaki mahali anapopajua na atulizwe maumivu, nani awe karibu yake, shekhe ama padri yupi aitwe, azikwe wapi, ana wasia ama deni gani. Usilete karatasi na kalamu kama polisi. Mkiwa mnakunywa chai taratibu, leo swali moja, wiki ijayo jengine. Wazee wengi wanayo majibu tayari na wanasubiri kuulizwa, tunaoogopa ni sisi.

Sasa ugonjwa umeingia, iwe corona nyengine ama homa ya mafua ama chengine. Jueni kwamba mzee haugui kama kijana. Unaweza kumpima homa ikawa hakuna kabisa na huku anaumwa vibaya. Angalieni mzee aliekuwa anaongea vizuri jana na leo anachanganya maneno, ama ameanguka bila sababu, ama chai na mahamri aliyokuwa anayapenda hayataki, ama analala mchana kutwa. Hiyo ndio dalili kwake. Na kule Washington walipopima wazee wote wa nyumba moja, zaidi ya nusu ya walokuwa na virusi hawakuwa na dalili yoyote siku ile ya kupimwa, manake ukisubiri mtu akohoe ushachelewa, akipatikana mmoja wapimwe wote pamoja na wafanyakazi, pamoja na mpishi na mlinzi.

Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole kiwepo, hakina bei kubwa. Kawaida ni 95 kwenda juu, ikishuka chini ya 94 pigia daktari, ikiwa chini ya 90 usingoje asubuhi. Kina mama wetu wanapaka hina, hina nyeusi ama rangi ya kucha inaweza kufanya kisome vibaya, tumieni kidole kisicho na kitu. Na hili watu wengi hawaambiwi, kwa ngozi nyeusi kile kidude wakati mwengine kinaonyesha namba ya juu kuliko oksijeni iliyoko mwilini, kwa hivyo ukiona mzee anahema mbio na namba ni 95, amini macho yako, mpeleke.

Madirisha yawe wazi. Sisi Mombasa tuna bahati ya upepo wa bahari lakini utakuta chumba kimefungwa pazia zito na feni inazunguka ndani, ile feni inachukua hewa ya anaeumwa inawapelekea wenzake. Wekeni wavu madirishani ili yafunguke usiku bila mbu, kwa sababu hapa kwetu majanga hayaji na kikohozi peke yake, mwisho wa 2017 kuingia 2018 chikungunya ilitupiga Mombasa hii hii, na dengi imerudi mara kadhaa, na mzee mwenye viungo vibovu akipata chikungunya anaweza kushindwa kutembea kwa miezi. Mapipa ya maji yafunikwe, sahani za chini ya maua zimwagwe.

Tuje kwa upweke, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu naona ndipo tulipofeli zaidi kuliko kwenye virusi. Mzee aliefungiwa chumbani miezi anakonda, anasahau, miguu inakufa nguvu, wengine wanaacha kula tu. Kuzuia wageni kwa wiki mbili tatu wakati ugonjwa umechacha ni sawa, kuzuia mwaka mzima ni kumdhuru mtu kwa njia nyengine, na mie ningewaomba familia muombe mapema kwa maandishi kwamba kila mzee awe na mtu wake mmoja anaeruhusiwa kuingia siku zote, akipimwa, akivaa maski, akinawa kama mfanyakazi yeyote. Anaekuja kumlisha mamake si mgeni.

Ikishindikana, simu. Lakini simu ina ufundi wake. Piga siku zile zile na saa ile ile, asubuhi baada ya chai ndio bora, mwenye maradhi ya kusahau akifika magharibi akili huanza kumpotea na atalia tu. Kabla hujapiga mtumie dada ujumbe amvalishe miwani na kifaa cha masikio, amkalishe vizuri, simu iegemezwe kwa kitu mbele ya macho yake, isiwe inaonyesha dari. Usianze na wajukuu kumi wote wanapiga kelele, mmoja mmoja. Usimuulize "wanijua mie ni nani?", huo ni mtihani na akishindwa ataona haya, mwambie tu "mama shikamoo, ni mie Zuhura, mwanao wa pili," halafu mpe habari yenye kushikika, embe zimeanza kuingia Kongowea, paka amezaa, mtoto wa jirani ameposwa. Wasioweza kuongea wasomee, ama wawekee kaswida ama nyimbo za kanisani alizokuwa akiimba, hiyo hukaa kichwani hata mengine yakiisha. Mtumie dada sauti za watoto kwa watsap amsikilizishe usiku asipopata usingizi. Na bando la dada nunua wewe, si haki atumie pesa yake kukuonyesha mamako.

Maski nazo zinamnyima mzee asiesikia vizuri, alikuwa anasoma midomo na sasa midomo imefichwa. Watengenezeeni kadi kubwa za herufi nene, CHAI, CHOO, MAUMIVU WAPI, MWANAO ANAPIGA SIMU, na picha kwa asiesoma. Mfanyakazi abandike jina lake na picha ya uso wake kifuani, manake mtu aliefunikwa mwili mzima anaingia usiku chumbani, mzee anaona jini.

Chanjo ikija usingoje kuitwa. Kenya tulipata za kwanza za corona Machi 2021, na mwezi ule ule wenye miaka 58 kwenda juu wakaruhusiwa, lakini mzee wa kitandani hawezi kupanga foleni hospitali, ni familia na meneja ndio wa kuandikia afya ya kaunti watume nesi aje mpaka hapo. Waandikieni mapema mkiwa pamoja, na muweke nakala. Wafanyakazi nao wachanjwe siku hiyo hiyo, na wenye wasiwasi waelezwe kwa utaratibu, usiwatishe.

Geti likifunguliwa, siku ya kwanza usiende na ukoo mzima. Enda wewe na mtu mmoja, ukae saa nzima. Ukimsaidia kubadilisha nguo angalia visigino, makalio na kiuno kama kuna vidonda vya kulalia, angalia kucha za miguu, meno ya bandia kama bado yanamkaa, manake akikonda yanalegea na ndio hapo anaacha kula nyama ukadhani ni deko. Omba uzito wake wa kabla ya kufungwa na wa leo, ukiona umeshuka sana mpelekee daktari hizo namba mbili wiki hiyo hiyo. Anza kumsimamisha kidogo kidogo, siku ya kwanza mpaka mlangoni, ya pili mpaka barazani, na uwaombe wafanyakazi waendelee siku ambazo haupo.