Kuzunguka mjini Dar kwa mguu na washkaji, fanyeni hivi

Wengi wetu mji wenyewe hatuujui, tunashuka Posta tunakimbilia kazini, jioni tunagombania gari za Mbagala, basi. Sasa siku moja nendeni kwa mguu, watu wanne watano, msizidi hapo. Sisi mara ya kwanza tulienda kumi na moja, kufika sanamu ya Askari tumebaki sita, wawili wamekwama kwenye chipsi, wengine simu hawapokei, saa nzima ikaliwa pale juani.

Siku ni Jumapili, saa moja na nusu asubuhi muwe mshafika. Siku za kazi msijisumbue, magari yanapaki mpaka mnapotakiwa kupita nyie. Vaeni raba zilizochakaa kidogo, sio mpya.

Pandeni mwendokasi mshuke Kisutu, mtafute kahawa kwanza. Muuzaji utamsikia kabla hujamuona, anagonganisha vikombe, birika liko juu ya mkaa, kahawa chungu haswa, ndo maana kuna kashata pembeni. Hapo sasa shukeni na Morogoro Road mkielekea baharini, ila macho yawe juu, maana chini mtaona maduka ya simu tu lakini ghorofani kuna vibaraza vya mbao na nakshi za Wahindi wa zamani, na majengo mengine yameandikwa mwaka yalipojengwa.

Mwisho wa barabara kuna Boma la Kale, limejengwa 1866 hadi 1867 enzi za Sultan Majid wa Zanzibar, huyu ndo alitaka kuigeuza Mzizima, yaani Dar ya zamani, iwe mji. Usipite tu, shika ule ukuta, ni mawe ya matumbawe, yaani bahari ilikatwa ikajengwa nyumba. Mlango nao ni ule wa kuchonga wa Kizanzibari.

Kutoka hapo fuateni Sokoine Drive, bahari iwe kulia. Mtapita kanisa la Mtakatifu Joseph, halafu kanisa la Azania Front lenye vigae vyekundu, yote mawili yalikamilika 1902 wakati wa Mjerumani. Jumapili kuna ibada, kwa hiyo kaptura na kupiga picha madirishani acheni. Na kamera ziwe mfukoni mkikaribia Ikulu na kivuko, sitaki kusikia mmeshikwa.

Pandeni na mtaa wa Azikiwe mpaka Askari. Kila siku tunasema "tukutane Askari" ila hatujawahi kumtazama. Amewekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita vya kwanza vya dunia, na pale pale mwanzo palikuwa na sanamu ya Mjerumani aliyewahi kuwa gavana, Wissmann, Waingereza walipoingia 1916 wakaing'oa. Bunduki yake inaelekea bandarini. Zungukeni chini msome maandishi, Kiswahili chake kina ladha ya kizamani, mimi nilisoma mara tatu.

Fuateni barabara ya Samora moja kwa moja mnafika Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Bebeni kitambulisho, raia analipa kidogo kuliko mgeni. Kama muda ni mdogo nendeni kwa Zinjanthropus, lile fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu lililopatikana Olduvai 1959, mengine mtarudi. Mkichoka bustani iko jirani, kaeni kivulini.

Saa sita njaa ikiuma, nendeni soko la samaki la Feri. Chagueni samaki wenyewe, angalia jicho liwe linang'aa na shavu jekundu, kubalianeni bei kabla hajaparuliwa, sio baada, kisha mpelekeni kwa wakaangaji pale pale. Ndimu, pilipili, mnakula kwa mkono.

Mkiwa bado na nguvu vukeni na pantoni kwenda Kigamboni, mkae upande wa nyuma muuone mji mzima unavyorudi nyuma. Ila kurudi msingoje jioni, wa bichi wote wanarudi muda huo huo na foleni yake sio ya kitoto.