Kuchokoa pweza mwambani bila kubomoa nyumba yake

Wanaoniuliza habari za pweza karibu wote huanza na chuma: kiwe kirefu kiasi gani, ncha ya namna gani, fundi gani anachonga vizuri. Chuma nitakifikia. Mimi nilianza kwenda mwambani nikiwa na miaka kumi na mitatu, huku kwetu Kigombe, njia ya Tanga kwenda Pangani, nikimfuata shangazi yangu nyuma na ndoo. Mwaka mzima wa kwanza hakunipa chuma. "Mwanangu, niambie nyumba iko wapi, kumtoa niachie mimi." Nikimwonyesha tundu tupu, haniambii nimekosea. Anasonga mbele, nami nabaki nimeinama nachungulia maji.

Ninayoandika hapa ni ya anayechokoa kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa. Wanaozamia kwa miwani wana elimu yao. Na kama umeona mtandaoni bunduki za kuchomea samaki chini ya maji ukatamani kuagiza, acha; kanuni za uvuvi za nchi hii hazizitaki, kama zisivyotaka sumu na baruti.

Hatua ya 1: Hesabu mwezi

Huendi kwa pweza siku yoyote unayojisikia. Unakwenda bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa sana na kujaa sana, na siku nzuri ni ile ya mwandamo au ya mwezi mpevu pamoja na siku tatu nne zinazofuata. Katikati ya hapo ni maji mafu: bahari inapanda kidogo, inashuka kidogo, na sehemu ya mwamba yenye pweza haionekani kabisa. Siku hizo kaa nyumbani usuke ukili.

Pwani yetu ina bahati moja. Siku za bamvua, maji hufika mwisho wa kupwa karibu saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda vya kutosha kuangaza ndani ya matundu. Kesho yake yanachelewa, kwa makisio dakika 50, keshokutwa tena hivyo hivyo. Kwa hiyo ukijua saa ya leo unaijua ya kesho. Bamvua la Machi na la Septemba hupwa kuliko yote. Ndipo unapoona mawe ambayo miezi mingine huyajui.

Upepo nao uupime. Wakati wa kaskazi maji ni maangavu. Kusi likikaza, uso wa maji unakunjamana huoni chini hata penye maji ya magotini, na siku hizo mimi huishia kuokota kombe.

Hatua ya 2: Uliza kama mwamba uko wazi

Hii ni fupi lakini usiiruke. Pwani hii ya kusini ya jiji la Tanga iko ndani ya hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa zama za kale, iliyotangazwa mwaka 2009, na kuna maeneo yenye masharti yake. Zaidi ya hapo, vijiji vingine hufunga mwamba wa pweza kwa miezi miwili mitatu ili wakue. Desturi ya kufunga namna hiyo ilipata sifa kutoka Andavadoaka, Madagaska, walikoanza mwaka 2004, na baadaye ikaingia visiwani na pwani ya kwetu. Ukiwa mgeni, pitia kwanza kwa watu wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi. Kukutwa na pweza wa mwamba uliofungwa ni aibu utakayoishi nayo mpaka kwenye arusi za watoto wako.

Hatua ya 3: Vyombo

Unahitaji vyuma viwili, si kimoja. Cha kwanza ni mchokoo: mwembamba, urefu wa mkono na nusu, ncha butu kidogo. Huu ni wa kuulizia. Cha pili ni mkonjo wenyewe, ncha kali, wa kuchoma. Vyote viwili unaweza kuvipata kwa kipande cha nondo ya milimita 8 kwa fundi wa kuchomelea. Mwambie akukunje kishikio juu, na ule wa kuulizia auache bila makali. Nondo nene usichukue. Nondo nene inakushawishi kubomoa, na habari zake nitazieleza mbele.

Miguuni vaa raba zenye soli ngumu, si kandambili. Mwambani kuna chaza wanaokata kama wembe, kuna taa aliyejifukia mchangani na mwiba wake mkiani, na kuna samaki anayekaa kama jiwe na sumu yake mgongoni. Penye mchanga buruza miguu, usiinue, taa akusikie aondoke. Kofia, chupa ya maji, kisu, kamba ya kutungia au kiroba cha wavu. Simu ifunge kwenye mfuko wa nailoni, na usiende peke yako.

Hatua ya 4: Fuata maji, usiyawahi

Toka saa mbili kabla ya maji kuisha. Maji yanaporudi nyuma, nawe songa nayo taratibu kuelekea ukingo wa nje, ukitafuta katika vidimbwi vinavyobaki. Ukifika ukingoni ndiyo saa ya mwisho wa kupwa. Hapo ndipo penye wakubwa.

Kivuli chako kiweke nyuma au pembeni. Pweza huyu wa mwambani ni wa mchana, anaona vizuri sana, na kivuli kikipita mlangoni kwake ameshaingia ndani kabla hujafika.

Hatua ya 5: Soma nyumba

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wanaoanza wanapopotea, kwa sababu wanamtafuta pweza. Pweza humwoni. Anabadili rangi na hata ngozi anaivimbisha ikawa na vinundu kama mwamba. Unachotafuta ni uchafu wake.

Pweza anakula kaa na kombe, na maganda anayatupa mlangoni. Ukiona maganda ya kaa na kombe zilizofunguka zimejikusanya mahali pamoja, simama. Sasa yatazame vizuri. Ganda la jana linang'aa, ndani jeupe, halina uto. Ganda la zamani limeota ukijani na limekwama mchangani. Rundo la zamani tupu ni nyumba isiyo na mtu. Rundo lenye jipya juu ya la zamani, mwenyewe yumo au hayuko mbali.

Dalili ya pili ni mawe. Pweza huvuta vijiwe vya ukubwa wa yai akavipanga mlangoni kama mtu anayeegesha kiti mlango usifunguke. Mawimbi hayapangi mawe hivyo. Ukishazoea, unayaona kwa mbali: kila kitu pale mwambani kimelala ovyo, isipokuwa hapo.

Ya tatu ni mlango wenyewe. Umefagiliwa. Mchanga wake ni safi, hauna majani, maana anapulizia maji nje anapopumua. Ukiinama ukatulia, utaona vumbi dogo linatikisika kwa pumzi zake. Tundu la mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, halina hayo. Ni refu, lina giza, na aghalabu halina rundo. Mkunga anauma vibaya, kwa hiyo mkono wako usiingie tundu lolote, hata lile ulilo na hakika nalo.

Nyumba nzuri zikariri. Mimi ninazo kama ishirini kichwani, na kila moja ina jina: la jiwe la ngamia, la chini ya nanga, la mjane. Pweza mmoja akitoka, mwingine huhamia, maana mwambani kama mjini, nyumba ni chache kuliko wapangaji.

Hatua ya 6: Uliza, kisha choma

Ingiza mchokoo polepole pembeni mwa tundu, si katikati. Chuma kitakujibu mkononi. Kikigonga kikalia, ni jiwe. Kikizama bila kitu, ni mchanga. Kikisukuma kitu kama mpira kinachonywea, ndiye. Baada ya kitambo atakishika, utasikia chuma kinavutwa kwa minyiri kama mtoto anayekunyang'anya kijiko. Ukisikia pigo la ghafla na chuma kikatetemeka, toa, huyo ni mkunga, mwachie kwake.

Akishashika, usivute kwa nguvu. Ukivuta naye anavuta, na minyiri minane yenye vikombe vya kunyonya ikigandama kwenye mwamba huwezi kushinda. Mchokonoe kidogo, acha, mchokonoe tena. Anakasirika, anageuka rangi ya kahawia iliyoiva, na anatoka kuja kuona nani. Kichwa kikionekana, mkonjo uingie hapo katikati ya macho. Mara moja. Ukimchoma mnyiri atauachia na kurudi ndani, nawe umemjeruhi bure.

Mtoe, kisha pindua kichwa chake ndani nje kama unavyogeuza soksi. Anakufa hapo hapo. Jihadhari na mdomo wake, uko chini katikati ya minyiri, mgumu kama wa kasuku, na kung'ata kwake kuna sumu kidogo ya kukuvimbisha mkono. Damu yake ina rangi ya buluu hafifu, usishtuke. Mioyo anayo mitatu.

Sasa ile nondo nene. Nilipokuwa na miaka kumi na minane, na chuma changu mwenyewe, nilimpata mkubwa aliyekataa kutoka. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Nikaingiza nondo nikainua jiwe la tumbawe likapasuka, nikamchukua. Kilo mbili na kitu. Nilirudi kwa shangazi nikijisifu.

"Wa nyumba ipi?"

"Ya kwenye jiwe la duara, shangazi."

Akaanza kuhesabu kwa vidole pweza aliowatoa jiwe lile tangu kabla sijazaliwa. Vidole vikaisha akaanza upya. Mpaka leo hapo pamebaki kifusi, napita kila bamvua, hata kaa hakai. Vipande vya mwamba huu vilivyopigwa baruti miaka ile viko vivyo hivyo: matumbawe yamekuwa kokoto, na kwenye kokoto hakuna tundu. Akikataa kutoka, mwache. Na ukisogeza jiwe lolote, lirudishe lilivyokaa, upande wake wa chini chini.

Hatua ya 7: Wa kuwaacha

Chini ya nusu kilo ni marufuku, na hata ingekuwa halali ni ujinga. Pweza huyu maisha yake ni mwaka mmoja na miezi, na anakua upesi ajabu. Wa robo kilo ukimwacha, baada ya mabamvua machache unamkuta mtu mzima. Kwa jicho: kichwa kikiwa kidogo kuliko ngumi yako, mwache.

Mama aliyeatamia ni shida zaidi, kwa sababu huwa mkubwa na hakimbii. Dalili zake: mlango umezibwa kwa mawe karibu wote, na nje hakuna ganda jipya, maana hali tena. Ukichungulia na jua likikusaidia, utaona juu ya dari vishada vyeupe vinaning'inia kama punje ndogo za mchele zilizotungwa uzi. Hayo ni mayai, na hayahesabiki. Anayapulizia maji usiku na mchana mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Hao wa kwenye vishada ndio wa mwaka kesho.

Hatua ya 8: Rudi kabla hujataka kurudi

Bahari haipandi kwa mwendo mmoja. Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa siku hiyo ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji yatapanda kama sentimita 30 tu, nawe utasema bado mapema. Saa ya pili yanapanda sentimita 60. Ya tatu 90. Ukijumlisha, baada ya saa tatu una mita 1.8 juu ya pale ulipokuwa umesimama, na mimi sifikii hapo kwa urefu.

Kibaya zaidi, maji hayaji kutoka mbele unakoyatazama. Yanapita mikondoni, yanajaza nyuma yako, na unajikuta juu ya kisiwa. Imenipata mara moja. Nilivuka mkondo maji yakinifika kifuani, tenga la pweza kichwani, na yule niliyekuwa naye hajui kuogelea. Tangu siku hiyo natazama nyasi za baharini. Maji yakipwa zimelala kuelekea nje. Zikisimama wima, yametulia. Zikianza kuinama kuelekea pwani, natunga nilichonacho na kugeuka, hata kama minyiri naiona.

Hatua ya 9: Ufukweni

Mpondeponde juu ya jiwe na maji ya chumvi mpaka alegee na povu litoke, kisha msuuze. Kama unauza, uwe na mizani yako ndogo ya kuning'iniza. Kuna mnunuzi mmoja aliyenipimia bamvua mbili mfululizo, na kilo zangu nne za nyumbani zikawa tatu na robo kwake. Ya tatu nilikuja na mizani yangu, akasema ya kwake ilikuwa na kutu.

Wa nyumbani mtie sufuriani bila maji, moto mdogo, ufunike. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu, na hayo ndiyo supu. Kipande cha papai bichi kinamlainisha. Tangawizi, pilipili, ndimu. Chumvi onja kwanza, maana ametoka nayo baharini.

Ukilala usingizi wa mchana ukaamka, andika kwenye daftari nyumba ulizomtoa mtu. Bamvua lijalo, siku kumi na nne au kumi na tano mbele, anzia hizo.